JEKI YA UPEPO: HUINUA GARI, LAKINI HAISHIKILII GARI

Mvua zikianza kunyesha, barabara nyingi za vijijini hugeuka matope. Gari linaloleta mbegu na mbolea hukwama. Gari linalompeleka mama mjamzito zahanati hukwama. Pikapu inayobeba maziwa hukwama, na maziwa huharibika njiani. Watu huitwa kutoka mashambani waje kusukuma. Wanasukuma, wanaimba, wanachafuka. Gari halitoki.

Leo tutazungumza juu ya chombo kimoja kinachoweza kuinua gari lililozama katika matope. Chombo hicho ni jeki ya upepo. Tutaona jinsi kinavyofanya kazi na jinsi ya kukitumia. Tutaona pia hatari zake, kwa sababu jeki ya aina yo yote inaweza kuua mtu.

KWA NINI JEKI YA KAWAIDA HUZAMA?

Jeki ya kawaida unaifahamu. Ni chuma kifupi kinachowekwa chini ya gari. Nyingine huinuka kwa kuzungushwa, na nyingine kwa kupampu mafuta yaliyomo ndani yake. Kwenye barabara ngumu jeki hiyo hufanya kazi vizuri sana. Kazi yake inajulikana mpaka imeingia katika mazungumzo yetu. Mtu akisaidiwa wakati wa shida, watu husema amepigwa jeki.

Lakini weka jeki hiyo juu ya udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa Shinyanga na Simiyu, wakati umelowa. Unapampu, unapampu. Gari halipandi. Jeki ndiyo inayoshuka.

Sababu ni hii. Kitako cha jeki ni kidogo. Tuseme kina upana wa sentimita 10 na urefu wa sentimita 10. Hizo ni sentimita za mraba 100. Kona moja ya pikapu iliyopakia mizigo inaweza kuwa na uzito wa kilo 800. Gawanya 800 kwa 100. Kila sentimita ya mraba ya udongo inabebeshwa kilo 8. Matope hayawezi kubeba uzito huo.

Sasa jipime mwenyewe. Tuseme una kilo 60, na unasimama kwa mguu mmoja. Unyayo wako una kama sentimita za mraba 150. Kila sentimita ya mraba inabeba kama nusu kilo tu, tena haifiki. Hata hivyo unazama kidogo katika matope. Je, jeki yenye kilo 8 itakosaje kuzama?

Basi kumbuka jambo hili: katika matope, kitu chembamba huzama na kitu kipana huelea.

JEKI YA UPEPO NI KITU GANI?

Jeki ya upepo ni mfuko mgumu na mpana. Umetengenezwa kwa kitambaa imara kilichopakwa plastiki au mpira. Usipojazwa hewa, mfuko hulala bapa kama jamvi lililokunjwa. Kwa hiyo unaweza kuupenyeza chini ya gari lililozama, mahali ambapo jeki ya chuma haipiti.

Hewa ya kuujaza mfuko hutoka wapi? Kuna njia mbili. Njia ya kwanza ni kutumia pampu ya umeme au kompresa, kama ile ya fundi wa tairi. Njia ya pili ni kutumia moshi wa gari lenyewe. Mfuko una mpira mrefu wa kupitishia hewa. Mwisho wa mpira huo kuna mdomo uliotengenezwa kama faneli. Mdomo huo hubanwa kwenye ekzosi, na injini huachwa ikiunguruma polepole. Moshi unaingia katika mfuko, mfuko unavimba, na gari linapanda.

Katika mfuko kuna pia vali. Vali ni kilango kidogo kinachoruhusu hewa kuingia na kuizuia isitoke, kama vali ya baiskeli.

UPEPO UNAWEZAJE KUINUA GARI?

Huenda unajiuliza: hewa haina nguvu, itainuaje chuma kizito? Angalia tairi la baiskeli. Linakubeba wewe na gunia lako, na ndani yake mna hewa tu. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop aliyekuwa akiishi Belfast alipata hati ya serikali kwa ajili ya tairi la upepo. Tangu hapo watu wa dunia nzima wamekuwa wakisafiri juu ya upepo uliofungiwa.

Miaka mingi kabla yake aliishi mtaalamu wa Ufaransa, jina lake Blaise Pascal. Aliishi kuanzia mwaka 1623 hadi 1662. Alieleza kwamba ukikandamiza kitu cha majimaji kilichofungiwa, nguvu ya mkandamizo huenea sawasawa pande zote. Hewa iliyofungiwa hufanya hivyo hivyo. Inasukuma kila mahali pa ukuta wa chombo. Ukuta ukiwa mpana, nguvu zote zikijumlishwa huwa kubwa.

Tufanye hesabu. Chukua mfuko wa duara wenye upana wa sentimita 60. Sehemu yake ya juu ina kama sentimita za mraba 2,800. Tia hewa yenye nguvu ya nusu kilo tu kwa kila sentimita ya mraba. Hiyo ni kama robo ya nguvu ya hewa iliyo katika tairi la gari dogo. Nusu ya 2,800 ni 1,400. Mfuko huo unaweza kusukuma juu kilo 1,400. Ni sawa na magunia 14 ya kilo mia mia.

Sasa geuza hesabu uangalie chini. Kilo 800 za kona ya pikapu zimetandazwa juu ya sentimita za mraba 2,800. Kila sentimita ya mraba ya matope inabeba chini ya theluthi moja ya kilo. Mfuko unakanyaga matope kwa upole kuliko mguu wako. Ndiyo sababu hauzami.

Lakini kuna jambo la kuangalia. Mfuko ukivimba sana huanza kuwa mviringo kama mpira wa miguu. Sehemu inayogusa gari inakuwa ndogo. Basi nguvu ya kuinua inapungua, na gari linaanza kuyumba. Kwa hiyo usiinue gari juu kuliko unavyohitaji.

MKASA WA GARI LA MBEGU

Nitakusimulia mambo niliyoyaona katika kazi yangu ya ubwana shamba.

Ilikuwa mwezi wa Desemba. Pikapu ilikuwa inaleta mbegu za mahindi na za pamba. Mvua ya kupandia ilikuwa imenyesha, na wakulima walikuwa wanasubiri. Unajua mwenyewe kwamba mbegu ikichelewa, mavuno hupungua. Gari likafika katikati ya mbuga, gurudumu la nyuma likazama mpaka kwenye ekseli.

Dereva alikuwa na jeki ya chuma. Aliiweka mara tatu, na mara tatu ikazama. Baadaye likaja gari jingine. Dereva wake alikuwa na jeki ya upepo. Wakaipenyeza chini ya gari, wakabana mdomo kwenye ekzosi. Muda si mrefu gari likapanda. Watu wakapiga makofi.

Utingo alikuwa kijana mwenye haraka. Akachukua mawe, akapiga magoti, akataka kuingia chini ya gari ayapange.

Mzee mmoja wa kijiji kile akamshika shati. "Mwanangu, unaingia wapi?"

"Napanga mawe, Mzee. Gari limekwisha inuka."

"Limeinuliwa na nini?"

"Na upepo."

"Na upepo ukiondoka?"

Kijana akanyamaza. Mzee akaagiza yaletwe magogo. Wakayasukuma chini ya chesisi kwa mti mrefu, huku wote wamesimama nje. Magogo yalikuwa bado yanapangwa uliposikika mlio mkubwa. Ncha ya bolti chini ya gari ilikuwa imetoboa mfuko. Gari likashuka kwa kishindo, likaangukia magogo, likasimama hapo hapo. Hakuna aliyeumia.

Wakaweka mawe na matawi chini ya gurudumu kwa kutumia mti ule ule. Wakaondoa magogo kwa kuyavuta kwa kamba. Gari likatoka. Mbegu zilifika jioni, na siku ya pili watu walipanda.

Ndugu msomaji, kama yule mzee asingekuwapo, kijiji kingepokea mbegu na maiti siku moja.

WATU WA ZIMAMOTO HUFANYAJE?

Katika nchi nyingi askari wa zimamoto wana mifuko ya kuinulia. Yao ni migumu zaidi, na aina nyingi hujazwa hewa yenye nguvu ya kama kilo 8 kwa sentimita ya mraba. Huitumia kuinua kuta zilizoanguka au magari yaliyopinduka, ili kumwokoa mtu aliyebanwa. Mifuko mikubwa hutumika pia kuinua ndege iliyotoka nje ya njia yake.

Watu hao wana vifaa bora na wamefundishwa. Hata hivyo hawauamini upepo peke yake. Mfuko ukiinuka kidogo, wanaweka mbao. Ukiinuka kidogo tena, wanaongeza mbao. Mfuko ukipasuka, mzigo unaangukia mbao, hauangukii mtu. Kama wataalamu wanafanya hivyo, sisi tunaotumia mfuko mmoja porini tufanyeje?

NAMNA YA KUTUMIA JEKI YA UPEPO

Fuateni hatua hizi moja baada ya nyingine. Msiruke hata moja.

1. Shusheni watu wote. Punguzeni mizigo ikiwezekana. Watoto wakae mbali.

2. Zuieni magurudumu ambayo hayatainuliwa. Wekeni mawe makubwa au vipande vya mti mbele na nyuma yake. Hatua hii ni ya lazima. Ukitumia moshi wa gari, injini inaunguruma na gia iko huru, kwa hiyo gia haizuii gari. Tena breki ya mkono ya magari mengi hushika magurudumu ya nyuma. Ukiinua nyuma, breki hiyo haitoshi. Hata hivyo, ivuteni.

3. Safisheni mahali pa kuweka mfuko. Ondoeni mawe yenye ncha, visiki na miiba ya migunga. Tandikeni gunia nene au kipande cha tairi kuukuu.

4. Angalieni chini ya gari. Wekeni mfuko chini ya sehemu imara na bapa ya chesisi. Msiuweke chini ya tangi la mafuta, wala chini ya bomba la ekzosi, kwa sababu bomba hilo lina moto mkali. Kama kuna bolti au ncha ya chuma, wekeni kipande kinene cha tairi kati ya chuma na mfuko.

5. Mtu mmoja abane mdomo kwenye ekzosi. Avae glavu au ashike kwa kitambaa kinene. Asimame pembeni, ageuze uso. Moshi wa gari una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Kwa sababu hiyo, msifanye kazi hii ndani ya banda lililofungwa.

6. Mtu wa pili aangalie mfuko. Ukianza kuteleza au kuvimba upande mmoja, asimamishe kazi. Toeni hewa, mpange upya.

7. Gari likiinuka kiasi cha kutosha, zimeni injini. Papo hapo sukumeni magogo chini ya chesisi au ekseli. Tumieni mti mrefu, msitumie mikono. Pangeni magogo kwa kupishana, mawili hivi na mawili vile. Msitumie matofali, maana hupasuka ghafla.

8. Jazeni mawe, mbao au matawi chini ya gurudumu, kwa mti ule ule.

9. Kama ni kazi ya kubadili tairi, msifungue tairi kabla magogo hayajashika uzito wa gari.

10. Mkimaliza, ondoeni magogo kwa kamba, watu wasogee, kisha fungueni vali. Gari litashuka polepole.

MAMBO MATATU YA KUKATAA

Kwanza, usikubali mtu ye yote aingize kichwa, mkono au mguu chini ya gari lililoinuliwa na mfuko peke yake. Usikubali hata kama ni kwa dakika moja. Gari halihesabu dakika.

Pili, usikubali mtu ajaribu kutengeneza jeki ya upepo kwa mpira wa ndani wa tairi. Mpira huo umetengenezwa kukaa ndani ya tairi. Tairi ndilo linaloushika. Nje ya tairi mpira huvimba upande mmoja kama donge, kisha hupasuka.

Tatu, usikubali kuinua mzigo uliozidi nguvu ya mfuko. Ipo mifuko ya tani 2, na ipo ya tani 4. Nguvu yake huandikwa juu ya mfuko. Soma maandishi hayo. Sasa unajua kusoma, na hapa kusoma kunaokoa maisha. Lori lililopakia tani 10 si kazi ya mfuko mdogo wa pikapu. Trekta nalo ni zito, na ekzosi ya matrekta mengi hutazama juu, kwa hiyo mpira unaweza usifike.

KAMA HATUNA JEKI YA UPEPO?

Usikate tamaa. Kumbuka tulivyosema: kitu kipana huelea. Tafuta ubao mgumu wenye upana wa sentimita 40 na urefu wa sentimita 40. Unene wake usipungue sentimita 5, ili usipinde. Ubao huo una sentimita za mraba 1,600. Weka jeki ya kawaida katikati yake. Zile kilo 800 sasa zinakuwa nusu kilo kwa kila sentimita ya mraba. Mwanzo zilikuwa kilo 8.

Ubao huo hugharimu kidogo sana ukilinganisha na mfuko. Kila gari linalokuja kijijini wakati wa mvua lingefaa kuwa na ubao kama huo, magogo manne mafupi, jembe na kamba. Ukiwa na jembe, chimba kwanza matope yaliyo mbele ya gurudumu. Mara nyingi gari hutoka bila kuinuliwa.

JE, TUNUNUE?

Kama chama chenu cha ushirika kina pikapu inayopita njia za matope kila msimu, jeki ya upepo inaweza kuwafaa. Kabla ya kununua, kagueni ekzosi ya gari lenu. Ekzosi iliyotoboka kwa kutu haitajaza mfuko, kwa sababu moshi utatokea matunduni. Hakikisheni pia kwamba mdomo wa mpira unaenea kwenye bomba.

Ijaribuni siku ya jua, nyumbani, juu ya ardhi tambarare. Msingoje mpaka siku ya mvua, usiku, mkiwa na mgonjwa garini.

Mkiisha kuitumia, ioshe kwa maji, ianikwe kivulini ikauke, kisha ikunjwe. Jua kali na mafuta ya gari huharibu mpira. Panya nao huutafuna. Iwekeni katika gunia safi, mahali pakavu. Kabla ya kila msimu wa mvua ijazeni hewa mwangalie kama inavuja.

Ndugu msomaji, upepo ni mfanyakazi mwenye nguvu, lakini anaweza kuondoka bila kuaga. Mwache ainue. Kazi ya kushikilia ipe magogo. Tahadhari kabla ya hatari.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini jeki ya kawaida huzama katika matope, na mfuko hauzami?

2. Kwa nini mzee alitaka magogo yaletwe wakati gari lilikuwa limekwisha inuka?

3. Katika kijiji chenu, ni mahali gani magari hukwama zaidi? Mnaweza kufanya nini mahali hapo kabla ya mvua kuanza?

4. Nani katika kijiji chenu ana ubao na magogo ya kuazimisha wakati wa shida?